Whitechapel na Ahadi ya Uasin Gishu

Sisi tuliokulia Eldoret tunauita mji wetu Sisibo, kwa kuwa ulianzia kwenye shamba namba 64 katika ramani ya walowezi. Shuleni tulisimuliwa habari zake kuanzia mwaka 1908, Makaburu walipopanda uwanda wa Uasin Gishu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Kabla ya hapo tuliambiwa kulikuwa na Wamaasai na Wanandi, basi, ukurasa ukafungwa. Kuna sura nzima iliyorukwa. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilijitolea kuwapa Wayahudi uwanda huohuo, na chanzo cha ahadi hiyo usikitafute Eldoret wala Nairobi. Kitafute katika mitaa michache ya mashariki mwa London, kati ya Aldgate na Whitechapel, ambako mimi huenda kununua vitenge.

Kazi yangu ni kushona. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi pale Eldoret, na ni kwenye meza yake nilikojifunza kukata, kupiga bandi na kutengeneza matundu ya vifungo. Hapa London vitambaa vyangu vinatoka Wentworth Street, mtaa wenye maduka ya vitenge na lesi, ambako wateja wengi ni Wanaijeria na Waghana, nasi wa Afrika Mashariki tunajipenyeza humohumo. Kando ya mtaa huo kuna tao la matofali lililobaki peke yake, limeandikwa mwaka 1886. Lilikuwa lango la nyumba za kupanga zilizojengwa na kampuni aliyoiunda Nathan Rothschild na matajiri wenzake wa Kiyahudi mwaka 1885. Kampuni hiyo ilijiita ya asilimia nne, kwa kuwa faida ya wenye hisa haikutakiwa kuzidi hapo. Nyumba zilibomolewa karne iliyopita, tao likaachwa. Tao hilo ndilo lililonifanya nimtafute mtu wa kunitembeza.

Nilimpata mzee mmoja, mtembezaji mwenye cheti, ambaye babu na nyanya yake walitoka Polandi. Nilimlipa anichukue peke yangu. Kundi la watalii haliwezi kusimamishwa robo saa mbele ya mlango mmoja, na mimi nilikuwa na maswali ya kifundi ambayo yangewachosha wengine.

Alinianzishia mahali pasipoonekana kutoka barabarani. Sinagogi la Bevis Marks limejificha nyuma ya lango, ndani ya ua, huku minara ya vioo ya mabenki na makampuni ya bima ikiwa imelizunguka pande zote. Lilifunguliwa mwaka 1701. Mfalme Edward wa Kwanza alikuwa amewafukuza Wayahudi Uingereza nzima mwaka 1290, na kwa zaidi ya miaka 350 hawakuruhusiwa kuishi humo kwa jina lao. Ni mwaka 1656, chini ya utawala wa Cromwell, ambapo wafanyabiashara wenye asili ya Hispania na Ureno waliachiwa kusali bila kujificha. Ndani kuna taa saba kubwa za shaba zinazoning'inia darini, za mishumaa halisi, na mabenchi mengine ni ya zamani kuliko jengo lenyewe, yakiwa yametoka kwenye chumba chao cha kwanza cha ibada. Ibada zimeendelea humo kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka 2021 kamati ya mipango ya City ya London ilikataa mnara wa ghorofa 48 ambao ungeliziba sinagogi mwanga wake. Walifanya jambo la haki. Jengo lililopewa madirisha makubwa namna ile lilijengwa kwa hesabu ya jua, na hesabu hiyo si ya mwekezaji kuifuta.

Humo ndimo kuzaliwa kwa Benjamin Disraeli kulikoandikishwa, mwaka 1804. Baba yake aligombana na wazee wa sinagogi juu ya faini ya pauni 40 aliyotozwa kwa kukataa cheo, akajitoa, na mwaka 1817 watoto wakabatizwa. Kwa ubatizo huo Disraeli aliweza kuingia bungeni na hatimaye kuwa Waziri Mkuu, maana Myahudi asiyebatizwa hakuruhusiwa kukalia kiti cha mbunge mpaka mwaka 1858. Ugomvi wa pauni 40 ukaipa Uingereza Waziri Mkuu.

Lakini waliosali Bevis Marks walikuwa watu waliokwisha kutulia, wengi wenye mali. Waliojaza Whitechapel ni wengine. Machi 1881 Mfalme wa Urusi, Alexander wa Pili, aliuawa kwa bomu, na makundi ya watu yakaanza kuwashambulia Wayahudi katika miji ya kusini mwa dola hiyo, yakichoma nyumba na kupora maduka. Mwaka uliofuata zikaja sheria za kuwabana wasiishi vijijini. Kuanzia hapo mpaka vita vya 1914 zaidi ya Wayahudi milioni mbili waliihama Ulaya ya mashariki. Wengi walikwenda Marekani. Waliobaki Uingereza wanakadiriwa kuwa kati ya 120,000 na 150,000, na sehemu kubwa yao walishukia bandari ya London, wakatembea kwa miguu hadi Whitechapel, ambako angalau mtu angekuta sauti ya Kiyidishi, lugha yao, na mkate aliouzoea. Leman Street kulifunguliwa nyumba ya kuwahifadhi wapya kwa siku chache. Wenzao matajiri walitoa fedha, na hapohapo waliona haya. Bodi yao ya misaada iliwalipia nauli maelfu ya wahamiaji warudi walikotoka. Mzee aliniambia jambo hilo bila kulipamba, nami sitalipamba.

Sasa kazi. Mitaa ya Fournier, Princelet na Hanbury, katika eneo la Spitalfields, ina nyumba ndefu, nyembamba, zenye madirisha mapana kwenye ghorofa ya juu kabisa. Zilijengwa karne ya 18 kwa ajili ya Waprotestanti wa Ufaransa, wafumaji wa hariri waliokimbia mateso ya mfalme wao, na madirisha yale yalikuwa ya kuingiza mwanga kwenye vitanda vya kufumia. Wayahudi walipofika walikuta mwanga uko tayari, wakaingiza cherehani. Nilimwomba mzee tusimame tuyatazame. Nilitaka kuelewa koti lilivyotengenezwa mle.

Baba yangu alikuwa akilishika koti kutoka kipimo mpaka kifungo cha mwisho. Kule kwenye dari za Spitalfields koti liligawanywa. Mmoja alikata. Mwingine alipiga bandi, yaani mshono mrefu wa muda wa kushikiza kitambaa na bitana. Wa tatu aliketi kwenye cherehani, wa nne alishona pindo kwa mkono, msichana mdogo alitengeneza matundu ya vifungo, na mwisho alikuwepo mtia pasi. Huyo ndiye ninayemwonea huruma zaidi. Pasi ilikuwa pande la chuma lililopashwa kwenye jiko chumbani humohumo. Kitambaa cha sufu huloweshwa kwanza, kisha pasi hugandamizwa, na mvuke unaotoka unanuka kama kondoo aliyenyeshewa. Majira ya baridi madirisha hayakufunguliwa. Mtu alifanya kazi hiyo saa 14 au zaidi kwa siku wakati wa msimu, kisha msimu ukiisha akakaa wiki kadhaa bila senti. Kifua kikuu kiliwamaliza wengi. Aliyewaajiri mara nyingi alikuwa Myahudi mwenzao, naye akibanwa na muuza jumla aliyetaka koti kwa bei ya chini zaidi, na kati ya tajiri na maskini tofauti ilikuwa cherehani tatu za kukopa.

Mwishoni mwa Agosti 1889, wakati makuli wa bandari ya London wakiwa kwenye mgomo wao mkubwa, maelfu ya mafundi cherehani wa Whitechapel nao waliweka sindano chini. Walidai siku ya kazi ya saa 12, ikiwa na muda wa kula ndani yake. Fedha zao za mgomo zilipokaribia kwisha, makuli waliwachangia pauni 100 kutoka kwenye mfuko wao wenyewe. Mafundi walipata saa walizodai, ingawa waajiri wengi baadaye hawakutimiza. Msomaji aziweke akilini zile pauni 100, kwani zitarudi.

Kutoka hapo tulishuka Brune Street. Kuna jengo la matofali ya rangi ya udongo ambalo ukuta wake wa mbele hauhitaji mtembezaji. Juu kumechongwa jina kwa herufi kubwa: jiko la supu kwa maskini wa Kiyahudi. Katikati kumechongwa bakuli kubwa la supu lenye mfuniko. Mwaka umeandikwa mara mbili, 1902 kwa hesabu ya Kikristo na 5662 kwa hesabu ya Kiyahudi. Upande mmoja kuna mlango ulioandikwa kuingilia, upande mwingine wa kutokea. Nilisogea karibu kutazama maandishi ya milango hiyo miwili. Hakuna anayechonga kuingilia na kutokea kwenye jiwe kama hategemei foleni, na foleni ya miaka mingi. Watu walikuja na vyombo vyao, wakapokea supu na mkate vilivyo halali kwa dini yao, wakatokea upande wa pili ili wasigongane na wanaoingia. Jiko hilo lilifanya kazi hadi mwaka 1992. Leo ni nyumba za kuishi za bei kubwa, na bakuli la jiwe bado liko pale juu ya vichwa vya wenye nyumba.

Karibu na hapo, Bell Lane, ilikuwepo shule ya bure ya Wayahudi, ambayo kufikia mwaka 1900 ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 4,000 na ilihesabiwa kuwa kubwa kuliko zote duniani. Mtoto aliyeingia akisema Kiyidishi alitoka akisema Kiingereza cha London. Israel Zangwill alisoma shule hiyo na akafundisha hapo kabla ya kuwa mwandishi mashuhuri. Riwaya yake ya mwaka 1892 juu ya watoto wa mitaa hii ndiyo iliyowafahamisha Waingereza jinsi majirani zao walivyoishi. Jina lake nililijua kabla sijafika London, kwa sababu ya Uasin Gishu.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanasiasa wa mashariki mwa London hawakuona hivyo. Mwaka 1901 kiliundwa chama cha British Brothers' League, kikiungwa mkono bungeni na William Evans-Gordon, mbunge wa Stepney, na Januari 1902 kikajaza ukumbi wa People's Palace kule Mile End kikidai milango ya nchi ifungwe. Maneno yao yangeweza kuchapishwa leo bila kubadilishwa: wageni wanapandisha kodi za nyumba, wanashusha mishahara, wanachukua kazi zetu. Serikali ikaunda Tume ya Kifalme. Julai mwaka huo Theodor Herzl, mwandishi wa habari wa Vienna aliyeasisi harakati ya Kizayuni, alikuja kutoa ushahidi mbele ya tume. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama hamtaki waje hapa, wapatikane mahali pengine panapotambulika kisheria.

Mahali pengine pakapatikana haraka kuliko alivyotarajia. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, alifika Mombasa Desemba 1902, akapanda treni kwenda bara, akaona nyanda za juu zenye baridi na nyasi. Reli hiyo ilikuwa imefika Ziwa Victoria mwaka mmoja kabla, imegharimu zaidi ya pauni milioni 5, na ilikuwa haina mizigo ya kutosha. Ilihitaji walowezi. Whitechapel ilihesabiwa kuwa na watu wengi mno, reli ikahesabiwa kuwa na watu wachache mno. Chamberlain akaunganisha hesabu mbili. Aprili 1903 alimweleza Herzl wazo lake, na Agosti barua rasmi ikatoka Wizara ya Mambo ya Nje. Rasimu ya mkataba iliandikwa na ofisi ya mawakili ya David Lloyd George, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Eneo lililotajwa lilikuwa kama kilomita za mraba 13,000. Vitabu vingi vinauita mpango wa Uganda kwa kuwa ardhi ile ilikuwa chini ya Uganda hadi mwaka 1902, ilipohamishiwa kwenye himaya ya Afrika Mashariki. Ardhi yenyewe ni kwetu, Uasin Gishu.

Mezani palikosekana watu wa uwanda huo. Maafisa waliuita mtupu. Lakini wenyeji wanajua mashimo ya Wasirikwa, mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa ardhini na watu waliofuga huko karne nyingi kabla, na wanajua kwamba Wamaasai wa Uasin Gishu waliupa uwanda jina lao, na kwamba Wanandi walichungia pembezoni mwake. Hakuna aliyekwenda kumuuliza Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi mkuu wa Wanandi, ambaye watu wake walikuwa wakipambana na reli hiyohiyo. Walowezi wa Kizungu kule Nairobi ndio waliosikika. Lord Delamere alipeleka malalamiko London kwa simu ya maandishi, na kamati ikaundwa kuwapinga Wayahudi wasije. Maneno ya Stepney yakarudiwa Nairobi, na watu ambao wenyewe walikuwa wamefika juzi.

Wayahudi nao waligawanyika. Aprili 1903 huko Kishinev, katika dola ya Urusi, watu 49 walikuwa wameuawa katika mashambulio ya siku mbili, na Herzl aliona hata makazi ya dharura ni heri. Kongamano la Kizayuni lilipokutana Basel mwezi Agosti, kura 295 zilikubali kupelekwa kwa wachunguzi, 178 zikapinga. Wajumbe wengi wa Urusi walitoka ukumbini wakilia, kwa kuwa kwao nchi ya baba zao ilikuwa moja tu, Palestina. Herzl alifariki Julai 1904. Mapema mwaka 1905 wachunguzi watatu walifika Uasin Gishu: Mwingereza Gibbons, Mswisi Kaiser na Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi. Taarifa zao hazikulingana, na ya Wilbusch ndiyo iliyokatisha tamaa kuliko zote. Mwishoni mwa Julai 1905 kongamano likakataa ahadi. Zangwill alikasirika, akajitenga, akaunda shirika lake la kutafuta ardhi popote duniani.

Hapo ndipo tarehe zinapoanza kusema zenyewe. Agosti 11, 1905, majuma mawili hayajaisha, Sheria ya Wageni ilitiwa sahihi London. Ndiyo iliyowapa maafisa wa bandari uwezo wa kumzuia abiria maskini asishuke, na ndiyo mama wa kila foleni ya uhamiaji ambayo mimi na wasomaji wengi tumesimama. Waziri Mkuu aliyetoa ahadi ya Uasin Gishu na aliyepitisha sheria hiyo ni mmoja, Arthur Balfour, yuleyule wa tamko la 1917 kuhusu Palestina. Na Oktoba 19 mwaka huohuo wa 1905, Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na kapteni wa Kiingereza, Meinertzhagen, akapigwa risasi. Njia ya walowezi ikafunguka. Miaka mitatu baadaye Makaburu walipanda.

Watu wengine wanaisifu ahadi ile kama wema. Nimewaza sana juu ya neno hilo nikiwa Whitechapel. Kwa mtu aliyetoka Kishinev ingekuwa wokovu, na siwezi kumlaumu mtu yeyote aliyeitamani. Lakini serikali iliyotoa ilikuwa inaondoa watu isiowataka kwenye mitaa yake kwa kutoa ardhi isiyo yake. Mzee wangu alisikiliza haya akanyamaza kidogo, kisha akasema babu yake angeweza kuzikwa Eldoret, nami ningezaliwa wapi? Hilo hatukulijibu.

Wachache walikuja Kenya hata hivyo. Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, alifika mwaka 1903 akitokea Afrika Kusini, na mwaka 1927 akanunua hoteli ya Norfolk. Jiwe la msingi la sinagogi la Nairobi liliwekwa mwaka 1912. Ni jamii ndogo, na inastahili makala yake yenyewe.

Turudi London, Brick Lane, kwenye kona ya Fournier Street. Jengo la matofali lililopo pale lilijengwa mwaka 1743 kama kanisa la wale Wafaransa wafumaji. Mwaka 1809 likawa makao ya chama cha Kikristo cha kuwaongoa Wayahudi, ambacho hakikudumu hapo. Mwaka 1819 wakaingia Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Machzike Hadath, la Wayahudi wa Urusi na Polandi walioshika dini kwa ukali kuliko wenzao. Mwaka 1976 likawa msikiti, na ndivyo lilivyo leo, wenye kusali wengi wakiwa na asili ya Sylhet, Bangladesh. Juu ukutani kuna saa ya jua yenye mwaka 1743. Hakuna aliyeiondoa. Tulifika wakati wa sala ya alasiri, viatu vimejaa mlangoni, na mzee aliwasalimia wanaume wawili kwa majina yao. Watu hupenda kulitaja jengo hili kama ushahidi kwamba kila kitu hubadilika. Mimi naliona kinyume. Kazi yake haijabadilika kwa karibu miaka 300: limekuwa la yule aliyefika karibuni, aliye na cherehani au kitanda cha kufumia, na anayeambiwa arudi kwao.

Princelet Street iko nyuma tu ya hapo. Nyumba namba 19 ni ya mwaka 1719, na mwaka 1869 wahamiaji kutoka Polandi walijenga sinagogi dogo kwenye bustani yake ya nyuma. Mtaa huohuo ulikuwa na ukumbi wa maigizo ya Kiyidishi, ambamo usiku mmoja wa Januari 1887 mtu alipiga kelele ya moto, moto usiokuwapo, na watu 17 wakafa wakikanyagana ngazini.

Na zile pauni 100? Mwaka 1912 makuli wa bandari waligoma tena, safari hii mgomo ukawashinda, na watoto wao wakakaa njaa. Mafundi cherehani walikuwa wametoka kugoma wenyewe na kushinda, wakiongozwa na Rudolf Rocker, Mjerumani asiye Myahudi aliyejifunza Kiyidishi ili awaandikie gazeti. Familia za Whitechapel, ambazo zenyewe zililala kitanda kimoja watu wanne, ziliwachukua watoto zaidi ya 300 wa makuli, zikawalisha na kuwanunulia viatu. Watoto hao walikua. Oktoba 4, 1936, Oswald Mosley alipotaka kuwapitisha wafuasi wake wa kifashisti, wamevaa mashati meusi, katikati ya mitaa ya Wayahudi, huku maelfu ya polisi wakiwafungulia njia, makuli wa Kiayalandi walisimama Cable Street pamoja na mafundi wa Kiyahudi, wakajenga vizuizi kwa magari, vitanda na mbao. Mosley aligeuzwa njia. Leo kuna mchoro mkubwa wa ukutani unaoonyesha siku hiyo, lakini mchoro hauna mahali pa kuonyesha 1889 na 1912, na bila miaka hiyo 1936 haieleweki.

Baada ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia na bomoabomoa iliyofuata, Wayahudi wengi walihamia Stamford Hill, Golders Green na Ilford. Masinagogi yakafungwa moja moja. Lile la Fieldgate Street, la mwaka 1899, lilikuwa limebaki katikati ya majengo ya Msikiti wa East London, ukuta kwa ukuta, na mwaka 2015 liliuzwa kwa msikiti huo. Lile la Sandys Row, lililoanzishwa na Wayahudi wa Kiholanzi mwaka 1854, bado linasaliwa. Na wale wapya waliopokea cherehani walipokea pia mapigo yake: Mei 4, 1978, Altab Ali, mshona ngozi kijana kutoka Bangladesh, aliuawa kwa kisu akirudi kutoka kazini, hapohapo Whitechapel, na watu kama 7,000 wakatembea nyuma ya jeneza lake mpaka ofisi ya Waziri Mkuu. Bustani iliyo kando ya mahali aliposhambuliwa ina jina lake.

Tulimalizia sokoni Whitechapel Road, mbele ya jengo la zamani la hospitali ya London, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa na wodi za Wayahudi na jiko lao halali. Katikati ya meza za bamia, samaki na simu za mkononi kuna chemchemi ya maji ya kunywa yenye sanamu ya malaika. Wayahudi wa mashariki mwa London waliichangia kwa kumkumbuka Mfalme Edward wa Saba, mwaka 1911, miaka sita baada ya sheria iliyotungwa kuwazuia. Wauzaji huegemeza maboksi yao pale. Maji hayatoki tena.

Ukiwa London, usiende Jumamosi, maana masinagogi hayapokei watalii siku ya Sabato. Nenda Jumapili asubuhi, soko la Petticoat Lane likiwa wazi. Soko hilo ni la Jumapili kwa sababu wenye meza walipumzika jana yake. Tafuta mtembezaji aliyezaliwa huko, mlipe vizuri, umwulize juu ya 1903. Nawe mwalimu wa historia wa Eldoret, Kapsabet au Iten, utakapofika kwenye mashamba ya Wazungu, usianze na magari ya ng'ombe ya 1908. Anza na foleni ya supu ya Brune Street, kisha uwaulize wanafunzi ni nani hakuulizwa.